Sarafu Inaharibika Ikiwa Imehifadhiwa: Soma Dalili, Tafuta Chanzo

Umefungua kikasha ulichokifunga miaka minne iliyopita, na sarafu uliyoiweka iking'aa imeota kijani kwenye herufi. Mkono unakimbilia kitambaa. Uzuie. Sarafu iliyoharibika ikiwa imefungiwa imeharibiwa na kitu kilichofungiwa pamoja nayo: plastiki, karatasi, mbao, mpira, unyevu, au jasho la vidole vyako mwenyewe. Ukiisafisha na kuirudisha palepale, doa litarudi, na safari hii litakuta uso umeshakwanguliwa.

Kwa hiyo kabla hujaitoa, piga picha jinsi ilivyo. Andika ilikuwa ndani ya nini, ililalia upande gani, jirani zake ni sarafu zipi, na kikasha kimetengenezwa kwa nini. Umbo la doa na mahali lilipo ni nusu ya jibu, na ushahidi huo hupotea ukishazimwaga zote mezani. Vifaa vya uchunguzi ni vichache: taa ya kumulika kutoka ubavuni, lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10, na kijiti cha meno cha mti. Tandika taulo laini juu ya meza, maana sarafu ikiponyoka na ukingo wake ukabonyea, hakuna dawa.

Kijani kinachonata

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu chanzo chake huwa ni kitu tulichonunua kwa nia njema ya kulinda. Inaanza kama ukungu mwembamba wa rangi ya maziwa au kijivu, uliojificha pembeni mwa herufi na chini ya kidevu cha sura iliyochorwa. Baadaye huwa michirizi ya kijani, kisha utelezi kama jeli. Gusa doa lenyewe kwa ncha ya kijiti, bila kusugua. Likinata au kuvutika, mtuhumiwa ni plastiki ya PVC.

PVC kwa asili ni ngumu. Ili ipatikane mifuko laini inayokunjika, kiwanda huichanganya na vilainishi vya mafuta. Miaka ikipita vilainishi hivyo hupenya hadi juu na kutua kwenye sarafu, na plastiki yenyewe ikichakaa hutoa asidi ya hidrokloriki. Asidi hiyo ikikutana na shaba huzaa chumvi za kijani. Sarafu za madini ya fedha hazisalimiki, kwa kuwa nyingi zimechanganywa na shaba ili ziwe ngumu. Joto huharakisha kazi yote, na ndiyo maana albamu iliyokaa juu ya kabati, karibu na dari, huoza mapema kuliko iliyokaa chini.

Kuitambua si kazi ngumu ukishazoea. Mfuko wa PVC ni mlaini, hujikunja kimya, na ukiwa mpya una harufu kali ya plastiki. Mfuko wa PET, ambao wengi wanaujua kwa jina la Mylar, ni mkavu, hulia chakarachakara, na ukikunjwakunjwa hupasuka. Palipochapwa alama ya urejelezaji, namba 3 ni PVC. 1 ni PET na 5 ni polipropilini, na hizo mbili ni salama. Pasipo na alama kuna kipimo cha waya. Pasha waya wa shaba kwenye moto hadi uwe mwekundu, uguse mfuko ili chembe ya plastiki igande juu yake, kisha urudishe motoni. Ndimi za moto zikigeuka kijani, kuna klorini. Fanya hivyo nje penye upepo na kwa kipande kidogo mno, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Mimi nilipoteza sarafu saba za shaba kwa albamu niliyouziwa kwa ahadi kwamba ni ya kuhifadhia daima. Sikuuliza ni plastiki gani. Siku hizi muuzaji akinijibu "ni plastiki ya kuhifadhia tu," nahesabu kwamba sijajibiwa, na mfuko naurudisha.

Tiba ni asetoni safi. Dawa ya kutoa rangi ya kucha haifai, kwani mara nyingi huwa na manukato, rangi na mafuta ambayo yatabaki kwenye sarafu. Tumia bakuli la kioo, fungua madirisha, na usiwe na moto wala cheche karibu, kwa kuwa mvuke wa asetoni hulipuka kwa urahisi. Laza sarafu ndani yake dakika 10 hadi saa moja, ukiigeuza mara moja kwa kuishika ukingoni. Itoe na kuitia mara hiyohiyo kwenye bakuli la pili lenye asetoni mpya, kabla haijakauka. Ikikauka katikati, uchafu ulioyeyuka hutua upya juu yake. Kisha iache ikauke yenyewe, jambo la sekunde chache. Usifute. Asetoni haili metali wala haiondoi rangi ya uzee iliyojijenga kwa asili, ndiyo maana wakusanyaji wanaiamini kuliko kimiminika kingine chochote. Kuna sarafu moja tu usiyopaswa kuitia humo: ile iliyopakwa rangi au vanishi kiwandani. Rangi itaondoka.

Baada ya kuoga, tazama tena kwa lenzi. Kijani kikiwa kimekwisha na uso ni mzima, umewahi. Kukiwa na vijishimo, metali imeshaliwa na haitarudi, ila ulaji umesimama. Sasa rudi kwenye albamu: sarafu zote zilizokaa humo zioshwe vilevile, hata zinazoonekana safi, na albamu yenyewe itupwe.

Kijani kikavu chenye unga

Kijani kingine ni hafifu, kikavu, na huchomoza kama unga kutoka kwenye kijishimo. Ukikipukusa, baada ya siku au wiki chache kimeota tena mahali palepale. Huu ni ugonjwa wa bronzi, na huzikumba hasa sarafu za kale zilizofukuliwa ardhini au kutolewa baharini. Kloridi ya shaba imejificha ndani ya metali. Ikipata unyevu na hewa hugeuka unga wa kijani na kutoa asidi, asidi inakula shaba mpya, shaba hiyo inazaa kloridi tena, na mzunguko unaendelea mpaka sarafu imomonyoke.

Usiuchanganye na ganda la kijani lililotulia, ambalo ni gumu, laini kwa kuguswa, na linashikana na metali. Hilo ni pambo na ni ngao, liache. Ukiwa na shaka, ifungie sarafu siku moja au mbili kwenye chupa yenye pamba iliyoloa, bila pamba kuigusa. Ugonjwa ulio hai utatoa unga mpya.

Sarafu mgonjwa ikae peke yake. Ugonjwa hauruki kama mafua, lakini unga wake una kloridi, na ukidondokea jirani wa shaba unaweza kumwanzishia shida yake. Ikaushe na uiweke mahali ambapo unyevu wa hewa haufiki asilimia 40. Hapo mzunguko hulala. Kuitibu kabisa ni kazi ya kuiloweka kwenye sodiamu seskwikabonati kwa wiki nyingi, maji yakibadilishwa mara kwa mara, na loweko hilo linaweza kubadili rangi ya uso. Kwa sarafu ya thamani ningeipeleka kwa mhifadhi wa vitu vya kale kabla ya kujaribu nyumbani.

Fedha imegeuka njano, buluu au nyeusi

Hapa msumbufu ni salfa. Gesi ya haidrojeni salfaidi, hata ikiwa chache mno hewani, huungana na fedha na kutandaza utando wa salfaidi ya fedha. Utando ukiwa mwembamba sarafu huonekana ya njano, ukiongezeka huingia wekundu wa zambarau, kisha buluu, na mwisho huwa mweusi. Rangi zinatokana na unene wa utando, kama zinavyotokea kwenye mafuta yaliyoelea juu ya maji. Ukiona sarafu imefika buluu, jua salfa imekuwa ikifanya kazi kwa muda.

Umbo la rangi litakuonyesha mlango ilikoingilia. Rangi ikizunguka ukingo kama pete huku katikati kukiwa bado kweupe, gesi inatoka kwenye kadibodi iliyoizunguka sarafu. Upande mmoja tu ukiwa mweusi, chunguza kitambaa au karatasi iliyoguswa na upande huo. Mstari mnyoofu uliokatiza sarafu ni alama ya rababendi: mpira hukomazwa kwa salfa kiwandani, na huacha alama hata kama ulifunga juu ya karatasi. Dola za fedha za Morgan, zilizotengenezwa Marekani kuanzia 1878, zilikaa miongo mingi kwenye magunia ya turubai ya sarafu 1,000. Zilizoguswa na kitambaa zilipata rangi za upinde wa mvua, na nyingine zina umbo la mwezi mwandamo pale sarafu ya jirani ilipozifunika nusu. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa rangi za namna hiyo. Ndiyo sababu nasema usiwe mwepesi kuita kila rangi uchafu.

Wauzaji wa salfa nyumbani ni wengi kuliko watu wanavyodhani: sufu na kitambaa cha felti kilichotandikwa ndani ya visanduku vizuri vya zawadi, ngozi, bahasha za kahawia, karatasi za magazeti, sponji za mpira, na baadhi ya gundi na rangi za ukutani. Kisanduku cha mahameli chenye sura ya kifalme kinaweza kuwa ndicho kinachoipaka sarafu weusi. Kitumie kuionyesha jioni moja, usiilaze humo miaka kumi.

Je, uondoe weusi? Mara nyingi hapana. Dawa ya kuchovya huyeyusha utando, na utando huo ulitengenezwa na fedha ya sarafu yenyewe, kwa hiyo kila mchovyo unaondoka na ngozi kidogo. Mchovyo wa tatu au wa nne huacha sarafu nyeupe iliyopooza, isiyozungusha mwanga kama ilivyotoka kiwandani. Dawa ya meno, magadi, limau na majivu ni vibaya zaidi, kwa sababu husugua au huunguza, na jicho lililozoea huona mikwaruzo hiyo kwa kutupia macho tu. Ondoa chanzo, hamishia sarafu kwenye kapsuli, yaani kikasha kigumu cha plastiki cha sarafu moja, na uache rangi ilipofikia.

Majumba ya makumbusho yana kipimo cha kuchuja vifaa kabla havijakaribia hazina. Andrew Oddy wa British Museum alikitambulisha 1973: kipande cha kifaa hufungiwa kwenye chupa pamoja na maji kidogo na vipande vilivyosuguliwa vya fedha, risasi na shaba, kwa siku 28 kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. Fedha husema kama kuna salfa, risasi husema kama kuna asidi za mbao, shaba hukamata kloridi na mengineyo. Nyumbani fanya toleo la subira. Chukua sarafu ya fedha isiyo na thamani ya ukusanyaji, isugue ing'ae, na uiweke wazi ndani ya kila sanduku. Mimi naiita shahidi. Kwa kuwa haina mfuko, itabadilika kabla ya nyingine. Siku shahidi akiwa wa njano, sanduku lina salfa, na bado una muda wa kuhama.

Vidoa vyeusi na alama za vidole

Chembe ya mate iliyoruka ulipokuwa unaisimulia sarafu huonekana baada ya miezi, ikiwa kidoa cheusi kilichokita kwenye shaba. Alama ya kidole nayo hujificha vivyo hivyo: jasho lina chumvi na asidi, na kwenye shaba nyekundu huchora mistari ya kidole isiyofutika. Ukijua umeigusa leo, asetoni leo itaondoa mafuta. Chumvi huondoka kwa maji yaliyokenekwa, kwa hiyo anza na maji hayo, umalizie na asetoni. Ukisubiri miezi sita, hakuna cha kuosha. Shika ukingoni siku zote, usizungumze juu ya sarafu iliyo wazi, na ukitaka glavu chagua za nitrili. Za pamba huteleza na hunasa vumbi linalokwaruza.

Madoa meupe kama maziwa kwenye fedha safi

Yakitokea kwenye sarafu mpya ya fedha ya asilimia 99.9, mara nyingi uhifadhi wako hauna kosa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya vimiminika vya kuoshea kiwandani hubaki juu ya metali, na huja kuonekana baadaye hata ndani ya kapsuli iliyofungwa vizuri. Asetoni haiyaondoi. Kubali, au uza kwa thamani ya metali.

Vidoa vyekundu kwenye dhahabu

Dhahabu haishiki kutu, lakini sovereni ya Uingereza ina dhahabu asilimia 91.67 tu, na iliyobaki katika za leo ni shaba. Penye shaba isiyochanganyika sawasawa hutokea doa jekundu au la kahawia. Halienei kwa kasi. Liache.

Unga mweupe, malengelenge, kutu ya chuma

Zinki, risasi na chuma ndio wanyonge wa mkusanyo. Senti ya Marekani tangu 1982 ni zinki asilimia 97.5 iliyofunikwa ngozi nyembamba ya shaba. Mkwaruzo mmoja ukipitisha unyevu, zinki huvimba ndani na ngozi hufanya malengelenge. Senti ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki, na ukingoni ambako chuma kilibaki wazi ndipo kutu huanzia. Hakuna tiba ya lengelenge. Kavu, kapsuli, basi.

Risasi ina adui wake maalumu: mbao. Medali au mhuri wa risasi ukiota unga mweupe ndani ya droo nzuri, droo ndiyo mkosaji. Mti wa mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya asetiki kwa miaka mingi, na mbao za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi hutoa asidi ya fomiki. Mahogani ndio mti ambao makabati ya sarafu yametengenezwa nao kwa karne kadhaa, na bado ndio wenye sifa njema. Kama kabati lako ni la mwaloni na hulitaki kuliacha, kila sarafu iwe ndani ya kapsuli na droo zifunguliwe mara kwa mara zipate hewa. Unga wa risasi ni sumu. Usiupulize, na unawe mikono.

Mikwaruzo ambayo hukuiweka

Albamu zenye vipande vya plastiki vya kutelezesha husugua shavu na nywele za sura kila vinapovutwa, na mistari yake huwa sambamba yote. Mistari ya duara, kwa upande mwingine, inatokana na kapsuli kubwa mno: sarafu inazunguka ndani kila sanduku likisogezwa. Pima kipenyo kwa milimita kabla ya kununua kapsuli. Mkwaruzo mrefu mmoja mara nyingi ni wa pini ya stepla. Vikadi vya kadibodi vyenye dirisha hufungwa kwa pini, na zikiachwa zimesimama huchana sarafu ya kadi inayofuata. Zilaze kwa koleo. Unapotaka kutoa sarafu, ng'oa pini zote kwanza. Usiivute sarafu ipite katikati yake.

Kila kitu kinaharibika kwa pamoja

Sarafu za metali tofauti, kwenye mifuko tofauti, zikianza kubadilika mwaka mmoja, acha kuzichunguza moja moja. Ni unyevu. Nunua kipimaunyevu kidogo ukiweke ndani ya sanduku, usikiweke chumbani tu. Lenga chini ya asilimia 40, na zaidi ya namba yenyewe lenga utulivu: joto likipanda na kushuka kila siku, hewa ndani ya kikasha hutoa jasho juu ya metali. Sarafu iliyotoka mahali pa baridi iachwe imefungwa saa kadhaa mpaka ishike joto la chumba, ndipo uifungue.

Kasiki la kuzuia moto huwashangaza wengi. Kuta za makasiki mengi ya namna hiyo zimejazwa vitu vinavyobeba maji ndani yake, ili moto ukija maji hayo yageuke mvuke na kupooza. Miaka yote moto usipokuja, unyevu kidogo huvujia ndani. Sarafu zilizo humo zinahitaji sanduku la pili la plastiki salama lenye mpira wa silikoni mdomoni, pamoja na chembe za silika za kunyonya unyevu. Chagua zenye rangi ya chungwa. Zile za buluu hutumia kobalti, ambayo ni sumu. Zikibadilika rangi zioke kwenye joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa chache, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha uzirudishe. Zisiguse sarafu, kwani vumbi lake hukwaruza.

Sarafu zimelowa

Bomba limepasuka au mafuriko yameingia. Usidanganywe na kapsuli wala na vifuko vigumu vya kampuni za upimaji kama PCGS na NGC. Vinazuia vidole, havizuii maji. Maji yaliyonaswa ndani huharibu kuliko yaliyopita. Fungua kapsuli zote siku hiyohiyo. Vifuko vya upimaji vyenye matone ndani vipige picha pande zote, namba ya cheti ionekane, kabla ya kuamua kuvivunja au kuvirudisha kwa kampuni. Suuza kila sarafu kwa maji yaliyokenekwa, mara mbili kama mafuriko yalikuwa na matope, bila kusugua tope liliko. Liloweke lianguke lenyewe. Kisha asetoni, kisha hewa. Kadibodi na karatasi zilizolowa zitupwe hata zikikauka zikaonekana nzuri, na sarafu zilale kwenye mifuko mipya ya PET kwa miezi miwili huku ukizitazama kwa lenzi kila wiki, hasa za shaba.